Alimtungia Uzi Kila Asubuhi

Kibanda changu cha nyuzi, zipu na vifungo kinatazamana na mlango wa fundi wa ngozi tuliyemwita Taratibu, na sikumbuki siku aliyonunua uzi kwangu bila kuniudhi. Mteja mwingine husema nipe wa kahawia, analipa, anakwenda zake. Taratibu alikuja na sindano yake mkononi. Alikata kipande cha uzi, akakitunga, akakikaza kwa mshazari, mkono mmoja juu na mwingine chini, halafu akaiacha sindano iteremke. Ikikwama njiani, uzi ni mnene kwa sindano ile. Ikianguka puu mpaka chini, uzi ni mwembamba. Yeye alitaka iteleze yenyewe, polepole, kama mzee anayeshuka ngazi. Watu wanajaa nyuma yake, mimi nafura, yeye anaitazama sindano.

"Mwenzangu, unanunua uzi au unachumbia?" nilimuuliza siku moja.

"Taratibu," akajibu, bila hata kunitazama. Jina likamganda hapo hapo, na mimi ndiye niliyemtangazia mtaa mzima.

Alikuwa mwanamke mkubwa wa umbo na mdogo wa sauti, mpole kwa kila kitu isipokuwa ngozi. Mashine yake ya chuma aliachiwa na baba yake, fundi wa mikanda na viatu. Kaka yake alijua itakuwa yake kwa kuwa yeye ni mwanamume, na alikuwa ameshaipigia hesabu. Mzee akasema apewe huyu binti, kwa sababu ndiye pekee anayenyamaza mashine inaposhona. Ilikuwa mashine nzito, na kile chuma chake cha kukandamiza ngozi, kiitwacho mguu, kilikuwa kinapiga hatua pamoja na meno ya chini, ili ngozi ya juu na ya chini zisogee sawa. Kando yake palikuwa na mashine ndogo ya nguo, ya kushonea bitana za mifuko. Mtu akimwambia mashine ni mashine, Taratibu alimtoa nje kwa upole.

"Kitambaa ukikosea unafumua, unapiga pasi, hakuna atakayejua," alikuwa akisema. "Ngozi ukishaitoboa, umeitoboa."

Kwa hiyo hakutumia pini. Alibana vipande kwa vibanio vya nguo, mpaka mfuko ukaonekana kama umeanikwa. Sindano yake ilikuwa na ncha yenye makali, inayokata ngozi mwanya mwembamba, tofauti na ya nguo ambayo ncha yake ni mviringo. Uzi wake ulikuwa wa nailoni, kwa sababu pamba ndani ya ngozi huoza. Ile dawa iliyoilainisha ngozi huila kidogo kidogo. Hatua za mshono wake zilikuwa ndefu, maana matundu yakikaribiana sana ngozi huchanika kwenye mstari wake. Haya yote ninayajua kwa kulazimishwa kuyasikia. Mfuko ukimalizika, aliupiga chapa yake chini ya mfuniko, alama ndogo ya sindano, na mfuko ule ungekuzika wewe, si wewe kuuzika.

Mdogo wake wa kike alifika baada ya ndoa yake kuvunjika, na sanduku moja na macho yaliyovimba. Taratibu alimpa kitanda chake mwenyewe, yeye akalala chini mpaka walipopata kitanda kingine. Akamwingiza kazini. Mdogo mtu alikuwa mchangamfu, mdomo asali, mwepesi wa kujua mteja anapenda kusifiwa nini. Mimi mwenyewe nilimpenda, nisijifanye. Makubaliano yao yalikuwa wazi: yeye ashone bitana kwenye mashine ndogo, ngozi itakuja baadaye.

"Siku utakayosikia sindano imechoka kabla haijakatika," Taratibu alimwambia, "hii kubwa ni yako."

Mdogo mtu alikuja kunihadithia kibandani, akicheka. "Dada anataka nisikie sindano! Mimi nasikia umri unakwenda." Na mimi nikacheka. Leo nikikumbuka kicheko kile natamani kujizaba kofi.

Mifuko ilianza kurudi baada ya mvua. Kwanza wa mwalimu mmoja, mkanda umeng'oka. Halafu wa mama muuza dawa, ubavu wote umeachia. Taratibu hakuiona vizuri hata mmoja, maana mdogo wake ndiye aliyekaa mbele kupokea wateja, na kila mfuko uliorudi aliuchukua haraka kuupeleka nyuma ya pazia. "Usijitese, dada, nitaurudia mwenyewe," alisema. "Umechoka. Kazi hii inakula macho."

Neno hilo la macho likaota mizizi. Taratibu akaanza kuukagua mkono wake kama mkono wa mtu mwingine. Alikuwa akishona, anasimama, anaugeuza mshono kwenye mwanga, anautazama tena. Ulikuwa mzuri, lakini hakuuamini. Wateja wa zamani wakaanza kupita upande ule mwingine wa barabara wakijifanya wanatafuta kitu mfukoni. Asubuhi akawa anampelekea mdogo wake sindano na uzi, kwamba hebu nitungie, leo naona ukungu. Mdogo mtu alilowesha ncha ya uzi ulimini, akautunga mara moja, akamrudishia. "Pole, dada." Niliwaona kutoka kibandani kwangu na nikasema moyoni, tazama ndugu wanavyopendana.

Siku moja alikuja kwangu bila sindano, akakaa kwenye kigoda na kulia. Sikuwa nimewahi kumwona akilia, hata baba yake alipofariki. Akasema amekata shauri. Jumamosi atawaita kaka yake na shangazi yao, amkabidhi mdogo wake duka, mashine kubwa na chapa, mbele ya watu, yeye akae nyumbani.

"Na wewe utafanya nini huko nyumbani?" nilimuuliza.

"Sijui. Sijawahi kuwa huko mchana."

Ijumaa mdogo mtu alikwenda sokoni kununulia wageni wa kesho chakula. Hapo ndipo mkunga wa zahanati alipotokea, mwanamke asiye na subira, akavuka mpaka ndani na kuutupa mfuko wake mezani mbele ya Taratibu. Mshono wa chini ulikuwa umefunguka. "Vifaa vyangu vimemwagika mlangoni kwa mzazi," alisema. "Wewe wa kunifanyia hivi?"

Taratibu akaanza kuomba radhi. Nilikuwa nimevuka barabara kwenda kusikiliza, nakiri umbea wangu, kwa hiyo niliona kila kitu. Aliomba radhi huku vidole vyake vikiushika mshono kwa mazoea, na vidole vikasimama kabla ya mdomo. Akauvuta uzi. Ukakatika bila sauti, kama uzi uliolala majini. Akaupeleka mfuko dirishani na kuukunjua.

"Matundu ya mviringo," alisema.

Mimi na mkunga tukatazamana.

"Mviringo, na yamebanana. Hii ni sindano ya nguo. Hii ni mashine ndogo." Alinigeukia. "Na uzi huu ni pamba."

Niliutazama uzi ule, nikaujua. Kahawia ile yenye wekundu kwa mbali ilikuwa yangu. Nilimuuzia mdogo wake mimi mwenyewe, tena nikamchagulia, kwa sababu aliniambia amepata kazi ya mapazia.

"Pesa za mfuko huu ulimpa nani?" Taratibu akamuuliza mkunga.

"Mdogo wako, hapa hapa. Wewe ulikuwa umekwenda msibani. Alisema umeushona wewe, umeacha nije kuuchukua."

Aliinua mfuniko. Chapa ilikuwepo, alama yake ndogo ya sindano, imepigwa vizuri kabisa. Akaipitishia kidole. Kisha akaenda nyuma ya pazia, na tulimsikia akiitoa mifuko mingine iliyofichwa kule, mmoja baada ya mwingine, akiifungua, akiiweka chini. Mkunga, yule mwenye hasira, ndiye aliyekuja kuniambia kwa sauti ndogo kwamba ataurudia mfuko wake siku nyingine.

Nilimwambia Taratibu afute kikao cha kesho. Hakufuta. Jumamosi kaka alikuja na shati lililopigwa pasi, shangazi akaja na baraka zake tayari mdomoni, na mimi nikaitwa kuwa shahidi wa makabidhiano. Mdogo mtu alikuwa amevaa nguo mpya. Taratibu aliuweka mfuko wa mkunga katikati ya meza, akaweka sindano mbili kando yake, ya nguo na ya ngozi, na kumtazama mdogo wake.

Hakuhitaji kuuliza. Mdogo mtu alilia mara moja, na sidhani alikuwa anaigiza.

"Nilikuwa nimechoka kusubiri, dada. Watu walikuja wewe hupo, wanataka mfuko, nikaona na mimi ninaweza. Nilitaka nije nikuonyeshe, nikwambie tazama, huu nimeshona mimi na hujajua. Halafu ikaanza kurudi. Nikaogopa."

"Basi, basi," kaka akadakia. "Kumbe ni mifuko tu. Mtoto amekosea, ameomba radhi. Hata hivyo ulishasema umechoka. Tuendelee na shughuli iliyotuleta."

"Damu ni damu, mwanangu," shangazi akasema. "Yamalizeni humu humu ndani."

Nilifumbua mdomo niwape vyao wote wawili, Taratibu akaniwekea mkono gotini. Alikuwa hajamwondolea macho mdogo wake.

"Kuchoka kusubiri naelewa," alisema. "Kuogopa naelewa. Hata chapa yangu, labda siku moja nitaelewa. Lakini nilikuwa nakuletea sindano."

Mdogo mtu akainamisha kichwa.

"Kila asubuhi nilikuja kwako na sindano mkononi, nikakwambia sioni. Wewe ulijua ninaona. Ukachukua uzi, ukautia ulimini, ukanitungia. Ukaniambia pole." Sauti yake haikupanda hata kidogo. "Ulikuwa unanizika, na mimi nakushukuru."

Hakuna aliyekula chakula kile. Mdogo mtu aliondoka na kaka yake jioni ileile, na sanduku lake lile lile, na mashine ndogo juu ya mkokoteni. Taratibu ndiye aliyesema aichukue. Kubwa ilibaki.

Duka lilifungwa kwa muda. Mimi niliujaza mtaa maelezo, nikimwambia kila mpita njia kwamba mifuko ile haikuwa yake, na wateja wakaanza kuulizia. Alipofungua mlango tena nilifurahi kama mtu aliyetolewa hospitali. Nilivuka barabara mikono mitupu, nikakaa kwenye kiti alichokuwa akikalia mdogo wake, nikamtazama akijiandaa kushona.

Aliishika sindano, akauleta uzi, na uzi ukapita pembeni. Akajaribu tena. Ukapita pembeni tena, kwa mkono ule ambao haukuwahi kuwa na tatizo lolote. Nikasimama, nikanyoosha wangu. "Lete nikutungie."

Aliirudisha sindano kifuani kwake haraka, kama mtu anayeficha kitu asinyang'anywe.

"Taratibu," alisema, na sikujua ananiambia mimi au anajiambia mwenyewe.

Ndipo nilipoitazama koni ya uzi juu ya mashine. Nailoni nyeusi, nzuri, mpya. Naijua kila koni ninayoiuza. Ile haikutoka kwangu. Alikuwa amekwenda kuinunua mbali, kwa mtu asiyemjua.

Iliniuma, nikakaa. Aliulowesha uzi kwa ulimi wake mwenyewe na kuujaribu tena.