Moshi wa Nyumba ya Kumi na Moja

UVIRA, Agosti 1958 – Saa tatu asubuhi, mtaa wa Rugenge. Nje jua limeshapanda juu ya ziwa na wanawake wanapita na mabeseni ya ndagala, dagaa wa ziwa hili, lakini ndani ya ofisi ya ramani mapazia yamefungwa nusu. Onesphore Nyandwi ameinamia meza. Mbele yake kuna kifaa chenye miguu minne na vioo viwili, na chini ya vioo picha mbili zilizopigwa kutoka kwenye ndege.

"Usipumue juu ya kioo," anamwambia mwandishi wa habari hizi anapompisha. "Inama. Ngojea. Inchi na milima yake itapanda yenyewe."

Na kweli inapanda. Kwanza macho yanaona picha mbili za kijivu, bapa. Kisha zinaungana, na milima iliyo juu ya bonde la Ruzizi inainuka kutoka mezani hadi mtu anataka kurudisha pua yake nyuma. Kwenye mteremko mmoja kuna nyumba kumi na moja, ndogo kama punje za mtama. Juu ya ile ya pembeni kuna uzi mweupe uliosimama.

"Ule njo moshi," anasema Onesphore. "Ni jiko ya muke wangu."

Mke huyo, Kankindi, alifariki miaka miwili iliyopita, usiku wa siku ileile picha hiyo ilipopigwa.

Onesphore ana miaka thelathini na sita. Alizaliwa mlimani, chini kidogo ya Rurambo, akasoma shule ya misheni miaka mitano, kisha akaajiriwa kubeba mnyororo wa kupimia. Sasa ni mdungaji, na wanaofanya kazi hiyo upande huu wa ziwa ni wawili tu.

Kazi yenyewe ni hivi. Ndege hupita ikipiga picha zinazopandana, ili kila kipande cha nchi kionekane mara mbili, kama jicho la kushoto na la kulia linavyoona kitu kimoja. Vioo vikiziunganisha, milima inasimama na wachoraji wanaweza kupima urefu wake. Lakini ndege haijui kuuliza jina. Hapo ndipo Onesphore anapotumwa na picha mkobani, kwa miguu, kijiji hadi kijiji. Kila kanisa, daraja na chemchemi anapadunga kwa sindano kwenye picha, kisha anaigeuza na kuandika jina nyuma ya tundu.

Kwa miaka minne ametoboa matundu zaidi ya elfu tatu. Mshahara wake ni faranga mia saba kwa mwezi, na viatu anajinunulia.

"Hata hivyo karte haisemi kweli yote," anasema juu ya ramani. "Dunia iko mviringo. Menya chungwa, uambie ganda ilale juu ya meza. Itakubali? Apana, itapasuka. Kwa hiyo tunavuta huku, tunakaza kule. Kila karte iko na uongo kidogo, na sisi tunachagua tu uongo ukae wapi."

Kwenye majina, hata hivyo, uongo hauruhusiwi. Kila jina lina kikaratasi chake, wenyewe wanakiita fishi, na sheria ya fishi ni moja: jina haliandikwi mpaka watu wawili wa mahali hapo, walioulizwa kila mmoja peke yake, walitaje sawasawa. Asiyejua kuandika anaweka dole gumba.

Sheria hiyo ndiyo iliyomnyima Onesphore usingizi mwaka huu.

Aprili 1956 mvua ilinyesha siku tatu mfululizo, kisha kukapambazuka anga jeupe bila wingu. Ndege ingepita. Onesphore alitumwa Nyakabere, bondeni, kuchora msalaba mkubwa wa chokaa ambao wapimaji wangeuona kwenye picha. Kankindi alitaka kushuka naye. Alikuwa hajawahi kuona ndege kwa karibu.

"Nilimukatalia," anasema, na anasema hivyo akiangalia mikono yake. "Nilimuambia: kaa, utachelewesha mwendo wangu. Ndege utaiona hata huku juu."

Ndege ilipita saa nne kasoro. Usiku ulipoingia mvua ilirudi, na mlima ukashuka. Nyumba kumi na moja, watu thelathini na mmoja. Maporomoko hayo hayakuchukua, wanasema waliosikia kutoka mbali, hata muda wa kusali Baba Yetu.

Picha ilipofika mwaka uliofuata kutoka Ulaya ilikosafishwa, Onesphore aliona upande wa chini msalaba wake mweupe na upande wa juu ule moshi. "Minye na yeye tuko mu picha moja," anasema. "Na vile sikujua."

Kisichopo tena ardhini lazima kifutwe kwenye picha kwa kalamu nyekundu. Onesphore amefuta nyumba kumi. Ya kumi na moja ameiacha miezi minane. Mkubwa wa ofisi si mtu mbaya: alimwambia kwamba mahali pasipo watu panaweza kuandikwa kwa herufi za kulala, zilizoinama upande, ili jina lisipotee, mradi fishi iwe na mashahidi wawili. Shahidi wa kwanza ni Onesphore mwenyewe. Wa pili hakupatikana. Na Jumamosi hii picha zinapakiwa kwenye lori kwenda Bukavu, ramani ikachapwe. Fishi isipokamilika, mteremko ule utachapwa mtupu, majani tu, kana kwamba hapakuzaliwa mtu.

Wapo waliosalimika, wachache waliokuwa safarini siku ile. Wamekubaliana kutolitaja jina la mahali pale. Wanasema "kule" tu.

"Shemeji amekuja kuniomba mara tatu," anasema Pudentienne, dada mkubwa wa Kankindi, anayeuza muhogo hapa Rugenge. Siku ya maporomoko alikuwa ameshuka sokoni, akalala hukohuko. "Minye siwezi. Ukiita jina ya kule, kuna batu wanaitika. Nani atawaambia tulikuwa tunaandika tu?"

Wachungaji wa Rurambo nao hawapitishi ng'ombe pale. Wanasema adhuhuri husikika kinu kikitwanga chini ya udongo. Lisemwalo lipo, husema wazee. Mwandishi huyu ni mtu wa kuuliza bei kabla ya kuamini kitu, na methali hiyo haimpendezi.

Halafu Térence akarudi kutoka mlimani.

Térence ni mdungaji wa pili. Ni mtu wa bondeni, mcheshi, hana ndugu mlimani na hakumjua yeyote wa kule. Mwezi uliopita, katika ukavu wa Julai, alipita pembeni ya ule mteremko akakuta mwanamke analima peke yake.

"Nilimusalimia, nikamuuliza hapa ni wapi," anasimulia Térence, na leo hachekeshi. "Akataja jina palepale, bila kusita. Nikamupa wino aweke dole. Akakataa, akasema dole yake iko na rangi tayari. Mikono ilikuwa na udongo mwekundu, mbichi, unadondoka. Na mvua haikunyesha miezi miwili! Akakandamiza dole kwenye fishi, nikaandika jina yake, nikaondoka. Vile nilifika mbele kidogo, njo nilianza kukimbia. Hata leo usiniulize kwa nini."

Jina la shahidi kwenye fishi ni Kankindi.

Akina Kankindi ni wengi. Rurambo peke yake mwandishi ameambiwa wako wawili. Na udongo mbichi unapatikana penye chemchemi yoyote. Mwandishi alimweleza Onesphore yote hayo kwa sauti ya kujiamini. Onesphore alisikiliza kwa adabu, kisha akafungua kisanduku cha bati na kutoa karatasi yake ya ndoa ya misheni. Kankindi hakujua kuandika. Chini ya karatasi liko dole gumba lake, wino mweusi, mwaka 1949.

"Hii mashini," anasema akigusa vioo, "ukiweka vitu viwili tofauti, macho yanagombana, picha inatetemeka. Ukiweka kitu kimoja mara mbili, inatulia."

Anaondoa picha za ndege. Kushoto anaweka karatasi ya ndoa, kulia fishi yenye alama nyekundu. Vidole vyake vinazisogeza kidogo kidogo. Anainama. Nje muuza chumvi anapita akiita wateja, anakwenda zake, sauti inapotea. Onesphore bado ameinama, na mgongo wake unaonyesha kwamba hapumui.

"Imetulia," anasema hatimaye.

Anasimama na kumpisha mwandishi. "Inama, uone."

Mwandishi aliyekuja Uvira kuandika habari za ramani, na asiyeamini vinu vya chini ya ardhi, aliogopa. Hakuinama.

Onesphore hakumcheka. Aliirudisha picha ya mteremko mezani, akachukua kalamu nyekundu na kuifuta nyumba ya kumi na moja, polepole, moshi akiuacha. Kisha akachukua sindano, akadunga, akaigeuza picha na kuandika jina nyuma ya tundu kwa herufi za kulala. Kwa heshima ya Pudentienne, halitatajwa hapa. Litasomwa kwenye ramani.

Ramani inatarajiwa kurudi mwakani. Onesphore ameomba nakala moja, ikatwe kwenye mshahara wake. Anasema ataipandisha mlimani, awe pale saa nne kasoro, saa ya ndege, na ataliita jina lile kwa sauti, aitike atakayeitika.

"Halafu nitamuambia muke wangu neno moja, lile nilimunyima," anasema, akiifunga karatasi ya ndoa katika kisanduku. "Nitamuambia: Kankindi, sasa shuka, twende wote."