Viti Viwili Sebuleni

Nina stashahada ya usuluhishi wa migogoro. Niliisomea ng'ambo kwa jasho langu, mchana darasani, jioni nikipakua mizigo ghalani. Hakuna mjomba aliyenisaidia, na sioni sababu ya kulificha hilo. Niliporudi Tukuyu niliitundika sebuleni kwa wazazi wangu, mahali ambapo mgeni akiketi lazima aione.

Haukupita muda, kanisa likaniomba nizungumze na waumini kuhusu vita tunavyovitazama kwenye televisheni. Ukumbi wetu wa kata ya Bagamoyo, hapa hapa mjini, ulijaa. Nikawaeleza kwamba mataifa hugombana kama majirani: kila upande unataja unachodai na kuficha unachokiogopa. Kazi ya msuluhishi ni kuwakalisha uso kwa uso mpaka hofu itajwe. Nikawakejeli wasuluhishi wanaowaweka mahasimu vyumba tofauti, wao wakihangaika koridoni na maneno ya huku na huku.

"Huo ni utarishi," nikasema.

"Na wakikataa kukaa pamoja?" akauliza mama mmoja mchuma chai.

"Hawajapata msuluhishi."

"Basi nenda wewe, mwalimu. Nauli tutakuchangia. Ya kurudia utajijua."

Ukumbi ukacheka. Nami nilicheka, ila moyoni nilijiona kabisa nikiwa kwenye meza zile kubwa, bendera nyuma yangu.

Nyumbani tulikuwa na vita vyetu. Baba alikuwa amefyeka sehemu ya migomba ya shemeji yangu, mjane wa kaka, ili apande parachichi za kuuza. Shemeji aliona anasukumwa taratibu atoke. Akasema ikiguswa mingine atachukua watoto arudi kwao Isongole.

Kwetu, mke wa mtoto haonani uso kwa uso na baba mkwe. Akimwona njiani anapinda, anaingia migombani mpaka mzee apite. Mjini wengi wameliacha jambo hilo, lakini hawa wawili walilishika, hata kaka alipofariki. Nililijua. Nililiita ushamba.

Nikapanga viti viwili sebuleni, vikitazamana, chini ya stashahada yangu. Baba nilimwambia tunakunywa chai. Shemeji nilimwambia mzee ameenda Mpuguso, aje nimwonyeshe picha nilizowapiga watoto wake.

Aliingia akitabasamu. Alipomwona baba alipiga magoti palepale, akageukia ukuta na kujifunika kanga kichwa chote. Baba alivua kofia, akaziba nayo uso. Akasimama, akapapasa kuelekea mlangoni. Mlangoni nilisimama mimi.

"Nipishe."

"Baba, keti. Tuongee kama watu wa leo."

"Umenivua nguo mbele ya mkwe wangu," alisema ndani ya kofia. "Nipishe, mwanangu."

Lile "mwanangu" alilitamka kwa upole, kama mtu anayeomba maji. Nikampisha. Shemeji alibaki ameukabili ukuta mpaka nami nilipotoka.

Asubuhi aliondoka na watoto kwa bodaboda.

Mama alikuwa jikoni akimenya ndizi. Hakunitazama. "Maneno yao nilikuwa nayapeleka mimi," alisema. "Baba yako alishakubali kuiacha migomba iliyobaki. Lilibaki neno moja tu la kumwambia shemeji yako, kwamba hapa bado ni kwake. Alikuwa analitafutia namna ya kulisema."

"Kwa nini hukuniambia?"

"Uliuliza?"

Wiki nzima nilikwepa macho ya baba ndani ya nyumba moja. Stashahada niliishusha nikidai nafuta vumbi. Kisha, jioni moja, baba akaniita uani, akiwa amenipa mgongo. "Nenda Isongole. Kamwambie hapa ni kwake. Maneno hayo tu."

Nilifika baridi imeshuka juu ya mashamba ya viazi. Shemeji hakutoka. Nilisimama nje ya mlango wao, nikayasema yale maneno kama nilivyopewa. Sauti yake ikatoka ndani.

"Shemeji, ni mzee aliyekutuma, au umeyatunga?"

"Ni yeye. Ameyasema mwenyewe."

"Mwambie baba nimesikia. Na wewe usiongeze kitu."

Baba alikuwa akinisubiri barabarani, kofia mkononi. Nikamwambia: amesikia.

"Hakusema anarudi?"

Nilitamani sana kumpa hilo. Stashahada ingenipatia hata maneno ya kulipamba.

"Hakusema," nikajibu. Baba akaivaa kofia yake, akatangulia nyumbani.