Anayesoma Mwendo wa Vidoa

Kila alfajiri, mwangalizi wa mtambo wa kamera pale hifadhi ya Rungwa hufuta kioo cha mtambo kwa pindo la shati hata kama hakina vumbi, kisha chai yake huiweka mbali kabisa, utadhani mtambo una kiwiko cha kuimwaga. Kamera iliyo mnarani, ya aina ile ya jeshini, hunasa joto la kila kiumbe kilomita nyingi ndani ya pori. Tembo, nyani, jangili, wote huonekana kiooni vidoa vyeupe tu. Yeye husoma mwendo wao.

Leo kidoa kimoja kilivuka mpaka wa pori. Ritha, askari mgeni wa wanyamapori, akadaka redio awaite wenye bunduki.

“Subiri kwanza, dada,” akasema mwangalizi kwa sauti ya mtu anayechelea kuamsha mtoto. “Jangili hasimami kwenye kila mti. Huyu anagonga shina, anatega sikio asikie kama nyuki wamo mzingani. Na anavyochechemea, goti lile bovu nalijua: ni la mzee mrina asali wa hapa jirani.”

“Lakini kaingia hifadhini!”

“Kaingia, kweli. Nitamfuata mwenyewe kwa baiskeli, nimrudishe.”

Akavaa kofia. Kabla ya kutoka akaivua tena, akakiinamia kile kidoa.

“Shikamoo, mzee.”

Ritha akajikuta anasubiri marahaba.