Goti Lililovimba

Daktari wa farasi ana mikono mipana na sauti isiyopanda hata akikanyagwa. Kabla ya kushika sindano huliosha goti lililovimba, hulisugua, hulisuuza, kisha huanza upya, maana uchafu kidogo ukiingia kwenye kiungo huweza kumlemaza mnyama. Dawa yenyewe hutoka katika damu ya farasi huyo huyo, ikizungushwa kwenye mashine hadi maji yake ya manjano yajitenge. "Tulia, mama," huwaambia wote, hata madume. Siku moja farasi jike mzee alirusha teke, dawa yote ikamwagika kwenye nyasi za banda, na maumivu ya paja yakampanda daktari hadi menoni.

"Inatosha, daktari," mwenye farasi akasema, machozi yakimlengalenga. "Mchome ile sindano ya kumlaza moja kwa moja, asiamke tena."

"Ameniumiza tu, hajanikatalia. Mshike kichwa."

Daktari akajizoazoa, akapapasa shingo ya farasi kutafuta mshipa, akachota damu nyingine. Mashine ilipomaliza kazi, akachuchumaa na ndoo, akaanza kuosha. Mwezi ulipoisha farasi alikuja langoni mbio. Daktari hakungoja shukrani. Alipiga magoti akaligusa goti, na lilikuwa limepoa.