Treni Isiyo na Behewa la Mwisho

Niliwahi kufungiwa chumbani na treni ya kuchezea, mchana, hapa Nakuru, na mpaka leo sijui ilikuwa na mabehewa mangapi. Cheka ukitaka. Mimi nilikuwa ndani.

Miaka ya hamsini nilifanya kazi ya ishara stesheni. Jumapili, baada ya kanisa, nilimsaidia Mgoa mmoja, stesheni masta mstaafu, aliyejenga reli ndogo juu ya meza iliyozunguka chumba kizima. Ili ufike katikati uliinua kidaraja, ukaingia, ukakishusha nyuma yako. Chini ya meza alikuwa ameziba kwa mbao kwa sababu ya panya. Injini iliungua zamani, kwa hiyo mabehewa tuliyasukuma kwa ncha za vidole.

Siku hiyo mzee alikwenda kumwona mgonjwa. Nikiwa katikati napangusa reli, akaingia mtu wa makamo aliyevaa koti la reli. Nilidhani ni mgeni wake. Akaweka mkono kwenye behewa moja, akasukuma.

Mabehewa ya mzee hayakufika kumi. Haya yalitoka kwenye handaki la karatasi, yakapita juu ya kidaraja, na nyuma yake mengine, na mengine. Nilijaribu kuinua moja, nipate kuinua kidaraja. Niamini, lilikuwa zito kama la stesheni. Nikamwomba anipishe nitoke.

"Wewe ni mtu wa reli ama mpishi?" akanicheka. "Sema treni imepita yote, nikufungulie."

Sasa, sisi watu wa ishara tuna mwiko: hujaona taa ya behewa la mwisho, husemi treni imepita. Huenda mabehewa yamekatika huko nyuma yakiwa na watu, na treni nyingine inakuja. Lakini kwa kitu cha kuchezea, nani angekufa? Jua likahama dirishani, naye akauliza tena na tena, kwa upole.

"Taa sijaiona," nikajibu kila mara.

Ndipo mlango wa mbele ukafunguliwa. Mzee alikuta mabehewa yake yote rafuni, mgeni hayupo, nami katikati, vidole vimevimba. Nikamsimulia habari ya mgeni. Hakuuliza ni nani.

"Ulimwambia imepita?"

Nikasema hapana. Akaketi sakafuni na suti yake ya kanisa.

Reli ile aliivunja. Mimi hata sasa nalala mlango wazi. Nawe, ukiombwa uthibitishe usichokiona, hata katika mchezo, kataa. Nilimwuliza mzee mara nyingi, yeye alipoulizwa na mtu yule, alimjibu nini. Amezikwa bila kuniambia.