Hadubini ya Mninga

Harufu ya mninga uliorandwa asubuhi, ikichanganyika na vanishi, ndiyo harufu ya mwaka wangu wa kidato cha kwanza. Baba alikuwa seremala pale Keko, kwenye karakana za kando ya barabara ambako vitanda na makabati hupangwa nje mpaka yanakula njia ya waenda kwa miguu, na kila nikitoka shule nilipita kwake nikae juu ya mbao nimsubiri turudi nyumbani. Vumbi la randa lilinikaa puani, kwenye nywele, kwenye kola ya shati la shule, na mama alilikung'uta shati hilo kwa hasira kabla ya kuliloweka. Msimu ule baba alikuwa akitengeneza kitu ambacho mafundi wenzake walikicheka mpaka wakashika mbavu. "Mzee, hicho ni kinu cha wanasesere au bomba la kisima?" Baba aliendelea na patasi yake. Alikuwa akichonga hadubini.

Niseme wazi ilivyokuwa, maana nikisimulia watu hudhani nawatania. Shule yetu ilikuwa na hadubini moja ya kweli, ya msaada, nayo ilikaa ofisini kwa mkuu wa shule ndani ya kabati la kioo lenye kufuli, imefunikwa kitambaa cheupe cha kufuma kama vile vya kwenye makochi. Sisi tulikionaga kitako chake tu kikichungulia chini ya kitambaa, siku tulizopelekwa ofisini kuchapwa. Hakuna aliyeshangaa. Nyumbani kwetu, na kwa kila jirani, sahani za maua zilikaa kabatini zikisubiri wageni huku sisi watoto tukila kwenye sahani za plastiki, kwa hiyo tulielewa vizuri kabisa kwamba kitu kizuri ni cha mgeni. Mwalimu Ngonyani, aliyetufundisha Baiolojia, alikuwa amechoka kuichora ubaoni. Aliposikia baba yangu ni seremala, akanipa picha yake iliyochanwa kitabuni. "Mpelekee mzee, mwambie namsalimu sana, aangalie kama anaweza."

Baba aliweza. Alichonga kitako kizito cha kusimamia, akapachika mkono uliopinda, juu yake bomba la kutazamia, na chini ya bomba kichwa kinachozunguka chenye lenzi tatu za mbao: fupi, ya kati na ndefu. Akaweka kijimeza cha kulazia slaidi, chenye tundu katikati na vibanio viwili, na chini ya tundu akatia kipande cha kioo cha kujitazamia ambacho unakigeuza kukamata mwanga. Ubavuni vilikaa vitufe viwili, kikubwa cha kupandisha na kushusha bomba haraka, kidogo cha kurekebisha taratibu. Vyote vilizunguka. Mwalimu alifurahi mpaka akasahau fimbo yake mezani. Tangu hapo tukawa tunafunzwa kwenye ule mti. Uibebe kwa mikono miwili, mmoja ushike mkono wake, mwingine uwe chini ya kitako. Uanze na lenzi fupi. Ugeuze kioo, uweke jicho, uzungushe kitufe kikubwa, halafu kidogo. Majina tuliyaimba kwa Kiingereza bila kujua tunasema nini. Kipindi kikianza mlango ulifungwa kwa nje ili tusitoroke, madirisha yana nondo, watoto tumebanana watatu watatu kwenye dawati, joto linatutoa jasho, na mmoja mmoja tunaitwa mbele kuinama. Bomba lilikuwa gogo zima, baba hakulitoboa. Uliona giza. "Unaona nini?" anauliza mwalimu. "Naona seli, mwalimu!" Wote tulijibu hivyo. Mie pia nilijibu hivyo.

Lakini mie nilikuwa nataka kuona kweli. Nilitaka kitu kimoja tu mwaka ule, kuweka jicho kwenye ile ya kabatini, hata kwa muda wa kupepesa. Kwenye zahanati ya mtaani kwetu kulikuwa na dada wa maabara aliyekaa nyuma ya kidirisha, ameinamia hadubini yake, watu wazima wamepanga foleni kimya wakimsubiri aseme wana nini. Nilimtamani yule dada kama wenzangu walivyowatamani waimbaji. Nilijiambia nikishatazama mara moja, nitajua kama naweza kuwa yeye.

Basi siku moja wageni wakaja, wafadhili wa shule. Mkuu akafungua kufuli, hadubini ikatolewa nje ya kitambaa chake, na mie nikachaguliwa kuwaonyesha kwa sababu ni mtoto wa fundi na nilijua hatua zote. Ilikuwa ya baridi, ina uzito ambao mninga haukuwa nao. Mwalimu alilaza slaidi ya utando wa kitunguu uliotiwa rangi. Nikaanza na lenzi fupi, nikageuza kioo kuelekea dirishani, nikainama. Sikuona giza. Niliona ukuta wa matofali marefu ya manjano, yamepangwa kwa ustadi kuliko nyumba yoyote ya Temeke, na ndani ya kila tofali nukta moja. Nilisahau hata kusema naona seli. Machozi yalinitoka nikawa naogopa yasidondokee kioo. Nyuma yangu mkuu alikuwa ameshachoka kusubiri. "Haraka bwana, mkuzie mgeni aone kubwa!" Nikazungusha kichwa hadi kwenye lenzi ndefu. Ukuta ukapotea, kukawa na ukungu. Vidole vyangu vikafanya vilichozoea kwenye mti: vikashika kitufe kikubwa, vikazungusha mpaka mwisho.

Bomba likashuka, slaidi ikalia, ka! Ikapasuka. Ndiyo hivyo. Ukiwa kwenye lenzi ndefu, kitufe kikubwa hakiguswi, unatumia kidogo tu, na hata kwenye ile fupi unaposhusha bomba unatazama kwa ubavuni uone nafasi iliyobaki. Nani angetuambia? Kwenye mbao hakukuwa na cha kuvunja. Ulizungusha mpaka mwisho na mwalimu akasema safi.

Mkuu aliendelea kutabasamu hadi wageni walipopanda gari. Kesho yake baba aliitwa, akaja na vumbi lake kichwani, akasimama mbele ya meza kama mtu aliyeshikwa na askari. Nikaanza kueleza. "Lakini baba, sisi hatukufundi..." Akanikata. "Omba msamaha." "Baba, mwalimu mwenyewe..." "Rukia! Nimesema omba msamaha." Mwalimu Ngonyani alitazama sakafu. Nikapiga magoti, nikaomba. Mkuu akarudisha hadubini kabatini, akafunga, akasema mtoto huyu ana mikono mizito, sayansi si yake. Darasani wakalidaka neno hilo. Nikishika chaki, "Wee, mikono mizito, acha!" Tulipofika kuchagua masomo sikuulizwa, jina langu lilishapelekwa upande mwingine.

Sasa nina chumba kimoja cha kupanga Tandika, nina mtoto wa miaka mitatu, nina mume anayerudi akijisikia kurudi. Sisemi kipande cha kioo ndicho kilichonileta hapa. Nasema nilipigishwa magoti kwa kosa la watu wazima, na mtoto akishafundishwa hivyo mapema, huko mbele kila mlango anaokutana nao anaufunga mwenyewe. Mdogo wangu yupo kidato cha kwanza, shule ileile. Mwezi huu mama aliumwa, nikaenda kikao cha wazazi badala yake. Mkuu mpya, kijana wa rika langu, akatangaza kwamba shule imepata hadubini sita. Zipo salama, akasema, stoo, kufuli mbili. Wazazi wakapiga makofi. Nikasimama, mwanangu kanilalia begani, nikauliza watoto watazishika lini. Akacheka vizuri tu, bila ubaya. "Mama, vifaa vya kisasa hivi, tuvitunze kwanza." Nikamwambia sijauliza habari ya kutunza, nimeuliza lini. Ukumbi ukaguna. Mama mmoja nyuma yangu akanivuta kitenge. "Kaa, mdogo wangu, utamwamsha mtoto."

Nikakaa. Nilipomshusha mapajani ndipo nikaona kwamba alikuwa macho muda wote, ananitazama.