Askari wa Upelelezi Tuliyemtunga Majengo

Miaka ile nilichoka uchovu ambao usingizi hauutoi. Nilikuwa nafundisha hisabati katika shule moja ya sekondari Sumbawanga, mgeni kutoka Mbeya. Vita vya Uganda vilikuwa vimekwisha, foleni hazikuwa zimekwisha. Asubuhi darasani, mchana shamba la shule, jioni mkutano, na katikati ya hayo unasikia uvumi kwamba sabuni imeletwa duka la ushirika. Unakwenda mbio na kukuta mlango umeshafungwa, watu wanatawanyika bila kusema kitu. Mke wangu alikuwa muuguzi hospitalini. Mara nyingi tulipishana mlangoni, mmoja anaingia na mwingine anatoka, tukaambiana kama mkaa upo au umekwisha, basi, hayo ndiyo yakawa mazungumzo ya ndoa.

Mchezo ulinifikia kwa bahati. Mwalimu wetu wa fizikia, Mzungu aliyekuja kwa kujitolea, alimaliza mkataba wake akagawa vitu vyake. Wenzangu walipata redio, blanketi, sufuria nzuri. Mimi nilikuwa nasimamia wanafunzi wanaopalilia, nikafika nimechelewa, na kilichobaki mezani ni bahasha ya kaki yenye vijitabu na dadu mbili.

"Wewe unapenda namba," aliniambia. "Huu mchezo utaupenda."

Haukuwa mchezo wa kushinda wala kushindwa. Mnakaa, mnazungumza, na kila mmoja anakuwa mtu wa zama zijazo, wakati ambapo watu wanasafiri kutoka nyota hadi nyota kama sisi tunavyokwenda Mbeya, ila vyombo vyao havikwami njiani Laela kwenye tope. Panapokuwa na shaka, dadu zinaamua. Lakini kabla hamjaanza, kila mchezaji humpa mtu wake maisha. Kijana anaingia jeshini, au kwenye merikebu za angani, au kwenye biashara, na kwa kila kipindi cha utumishi unatupa dadu kujua kama amepanda cheo, amejifunza kazi, ameumia, au amekufa. Mimi sikuwa na mtu wa kucheza naye. Jumapili baada ya kanisa nilikaa uani natunga maisha ya watu, peke yangu, kama mtu anayecheza bao na kivuli chake.

Tulipanga chumba mtaa wa Majengo, nyuma ya duka la familia moja ya Kiislamu iliyokuwa na lori. Katika ua huohuo, chumba cha pembeni, alikaa askari aliyeachishwa jeshi baada ya vita. Alikuwa Mfipa wa bonde la Rukwa, wa Ilemba, amenizidi umri kidogo, na siku zote alikaa mahali ambapo anauona mlango. Kazi aliyopewa ni kulinda ghala la mahindi. Jumapili moja alikuja kuazima pasi ya mkaa, akasimama akiangalia dadu.

"Kamari, mwalimu?"

Nikamweleza. Alisikiliza mpaka nilipofika kwenye kufa.

"Yaani mtu anaweza kufa kabla mchezo haujaanza?"

"Anaweza."

Akacheka. Nilikuwa sijawahi kumsikia akicheka. "Basi aliyeutunga analijua jeshi." Akachuchumaa, akataka nimsomee aina zote za utumishi. Nikamsomea. Akauliza, "Na upelelezi uko wapi?"

"Haupo."

"Jeshi lisilo na upelelezi ni kundi la vipofu wenye bunduki. Tuutunge."

Nilijua kwamba katika jeshi lake alikuwa mtu wa upelelezi, kwa sababu mke wa mwenye nyumba alikuwa ameshamnong'oneza mke wangu. Yeye mwenyewe hakuwahi kulitaja jambo hilo.

Tukaanza, kila Jumapili mchana, kwenye karatasi za mitihani zilizoandikwa upande mmoja. Mimi nilitaka mambo ya nyota: vyombo visivyoonekana, lugha za viumbe wa sayari za mbali, mitambo ya kusikiliza mawazo. Yeye aliniacha niandike, kisha akauliza, "Na kusubiri umekuweka wapi?"

"Kusubiri si ujuzi."

"Ndio ujuzi wenyewe, mwalimu. Hayo mengine ni mapambo. Mtu anakaa kwenye majani, mvua inamnyeshea, anahesabu magari yanayopita barabarani. Halafu anakaa tena. Kazi ile ni kuchoka bila kulala."

Nikaandika kusubiri. Tukaongeza kutembea, kusikiliza, na kusahau. Hilo la mwisho nililipinga, nikasema hakuna mchezaji atakayetaka mtu wake ajifunze kusahau. Akasema asiyejifunza hilo asipewe kipindi kingine cha utumishi, maana hatafaa kitu. Nikaona katika maneno yake kuna ukweli ambao sikuwa na uwezo wa kuukosoa, nikaacha.

Kisha akataka dadu ya kuaminiwa. Mpelelezi akirudi na habari, atupe dadu kuona kama wakubwa wake wamemwamini. Nilifikiri anatania.

"Unakwenda kwa miguu yako," alisema, "unaona kwa macho yako, unarudi unaeleza. Mkubwa anatazama ramani, anasema haiwezekani. Basi. Habari imekufa hapohapo, na watu nao."

Tuliweka nane au zaidi ndipo aaminiwe.

Jambo la kurudi nyumbani lilikuja wiki nyingine, tulipofika kwenye kuachishwa kazi. Vijitabu vilisema mtu anayestaafu hupewa fedha, au silaha, au hata chombo cha angani. Askari aliitazama orodha ile akaisukuma pembeni. Ndipo akanieleza kwamba kabla ya vita alikaa mpakani muda mrefu, barua hazimfikii. Alipopata likizo akashuka bondeni kwa miguu, na alipofika kwao hakukuta mtu. Watu walikuwa wamehamishiwa kijiji cha ujamaa. Paa zilikuwa zimeondolewa, kuta zimeanza kulainika kwa mvua. Jiwe la mama yake la kusagia ulezi lilikuwa palepale, kwa sababu hakuna aliyeweza kulibeba.

"Nikakalia lile jiwe," alisema. "Mimi, ambaye kazi yangu ni kutafuta vilivyofichwa. Akapita mama mmoja na kuni kichwani, nikamuuliza watu wa hapa wako wapi. Akasema, 'Tuko kijijini, baba. Kwani wewe mgeni?'"

Alimkuta mama yake kwenye nyumba ya mstari wa tatu, kando ya barabara. Mama akamwambia, "Umenitafuta? Mimi nilidhani jeshi linajua kila kitu."

Alisimulia haya bila kupandisha sauti. "Kwa hiyo weka dadu, mwalimu. Akirudi, atupe. Ikipungua saba, kwao pamehama."

Mke wangu alituchukulia kama watu wazima waliopotewa na akili kidogo. Lakini Jumapili moja alirudi kutoka zamu mapema, akavua viatu, akanyoosha miguu mkekani, akasema, "Nami nipeni maisha. Haya yangu yamenichosha." Tukampa mpelelezi. Alitupa dadu vizuri, akavuka kipindi baada ya kipindi, akapanda cheo, akajifunza kusubiri mara mbili. Halafu akatazama karatasi.

"Na nyumbani kwangu ananingoja nani? Mbona sioni mahali pa mume?"

Nikasema mchezo hauhesabu hayo.

"Basi aliyetunga hajaoa."

Askari alicheka, kicheko kikaisha kabla ya wakati wake. "Wangu hakungoja, shemeji," alisema. "Simlaumu. Aliambiwa nimekufa."

Mke wangu hakumpa pole. Alimmiminia chai, isiyo na sukari kama chai zote za siku zile, akamkabidhi kikombe kwa mikono miwili. Kisha akanigeukia. "Andika mstari wa anayengoja. Na mwekee namba ngumu. Kungoja kunachosha kuliko kwenda."

Nadhani hiyo ndiyo siku kazi yetu ilipokamilika, ingawa tuliendelea kuirekebisha. Balozi wa nyumba kumi, mzee mpole aliyefanya kazi yake kwa uaminifu, alikuwa amepita nje ya ukuta wa ua zaidi ya mara moja, akasikia cheo, mpelelezi, kuvuka mpaka, kutoa taarifa. Angefanya nini? Aliripoti. Tukaitwa ofisi ya usalama, mimi na askari, tukaambiwa tuje na karatasi zote.

Ofisa aliyetuita alikuwa mtu wa makamo mwenye macho mekundu ya kukosa usingizi. Alituacha tukae kwenye benchi mpaka tukapoa, kisha akatuingiza. Alisoma polepole, ukurasa kwa ukurasa. Mimi nilikuwa nawaza kazi yangu, na mke wangu, na nani atamwambia.

"Mwalimu," alisema hatimaye, "kikosi hiki cha upelelezi ni cha nchi gani?"

"Si cha nchi, ndugu. Ni cha nyota."

"Nyota zipi?"

"Za kutunga tu."

Akamgeukia mwenzangu. "Na wewe ndugu, uliapa."

"Niliapa, afande. Hakuna njia humo, hakuna jina, hakuna mahali. Hakuna neno moja la kazi."

"Kuna hili la kutoaminiwa."

"Hilo si siri, afande. Hilo kila mtu analijua."

Niliogopa wakati ule kuliko wakati wowote. Ofisa alimtazama, akafumba macho, akayasugua kwa viganja. Kisha akasema, akiwa bado amefumba, "Nane au zaidi? Mmewapendelea." Akakunja karatasi, akaziweka kwenye droo ya meza, akaifunga. "Hizi zinabaki. Mkitaka mchezo, kuna bao. Nendeni."

Tulirudi kwa miguu. Ulikuwa msimu wa baridi, upepo wa Ufipa unapita ndani ya koti kama hujavaa. Njiani nikamwambia kwamba nakumbuka namba zote, tunaweza kuandika upya.

"Acha, mwalimu," alisema. "Nimeshayasema."

Hatukucheza tena. Sikuwa na hasira, wala yeye. Tulikuwa kama watu waliolima shamba la mwingine wakaambiwa basi, na jua linazama. Alirudi kwenye lindo lake, mimi kwenye chaki. Kabla ya mvua za kwanza aliacha kazi ya ghala akasema anashuka bondeni kwa mama yake, ambaye macho yalikuwa yanafifia. Mwenye nyumba alimpa nafasi juu ya lori, kati ya magunia ya chumvi. Mke wangu alikata kipande cha sabuni katikati, akamfungia nusu kwenye gazeti.

"Utalima nini?" nilimuuliza.

"Chochote kinachoota." Alinipa mkono, akaushika kitambo, akapanda.

Lori lilipoondoka tulibaki kidogo barabarani, kisha tukaingia ndani. Mke wangu alilala kabla ya kuvua sare yake ya kazi. Nilimfunika, nikasogeza kiti dirishani penye mwanga, nikaanza kusahihisha madaftari ya kidato cha pili.